Maziwa Aliyoyakataa Kipruto

Kule Kiptere, Chelangat alikamua ng'ombe asubuhi kabla ya kwenda kuchuma chai. Jioni alisugua kibuyu ndani kwa sosiot, ule ufito mrefu wa kusafishia. Akakipaka mkaa, akatia maziwa yagande. Mursik yake, maziwa hayo ya kuganda, ilisifiwa kijiji kizima. Wageni walikunywa na kuomba tena. Mumewe, Kipruto, alijigamba kwamba hakuna mwanamume anayekunywa vizuri kama yeye. Mtu akishiba husema mengi.

Kisha ngozi ya Chelangat ikaharibika. Mabaka mekundu yalitokea kwenye viwiko, yakafika mikononi. Juu yake kulikuwa na magamba meupe yaliyopukutika kama unga. Shangazi zake Kipruto walinong'ona kwamba inaambukiza. Wageni wakaanza kusema wameshiba. Kipruto naye, badala ya kuuliza wanaojua, alimpa mkewe dawa ya kuogeshea ng'ombe, ile ya kupe, eti ajipake. Ilimchoma vibaya sana.

Lakini kosa kubwa lilikuwa jingine. Siku moja Chelangat alimletea kikombe cha mursik. Kipruto aliitazama ile mikono, akasema, "Siku hizi maziwa yananisumbua tumbo." Uongo mtupu! Tumbo lake lilikuwa zima kabisa. Chelangat alirudisha kikombe jikoni na hakumletea tena.

Baadaye vidole vyake vikavimba. Asubuhi vilikuwa vigumu, havikunjiki mpaka jua lipande. Kikapu chake cha chai kikawa kinarudi nusu. Kipruto akasema huo ni uvivu. Chelangat akaacha kwenda kanisani, akawa haongei. Kipruto akasema hicho ni kiburi. Kwake yeye, ngozi, vidole na huzuni vilikuwa mambo matatu yasiyojuana.

Jioni moja kibuyu kilimponyoka Chelangat kikapasuka. Alikuwa amepewa kibuyu hicho na mama yake alipoolewa. Hakulia. Alikaa chini kando ya vile vipande, akamwambia mumewe polepole, "Baba Winny, sioni sababu ya kuamka kesho."

Kipruto alishikwa na woga ambao hakuwahi kuujua. Hakumwacha peke yake hata kidogo. Kulipokucha walikwenda pamoja kituo cha afya.

Daktari alikuwa mama mmoja anayeitwa Mongina. Aliishika mikono ya Chelangat bila glavu. Kipruto aliona aibu, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ameacha kuishika zamani. Daktari alizitazama kucha, ambazo zilikuwa na vishimo vidogo vidogo. Aliuliza habari za vidole, za usingizi, na za moyo wake.

"Ugonjwa huu unaitwa soriasisi," alisema. "Si laana na hauambukizi. Mnaweza kula pamoja, kulala pamoja, kunywa maziwa aliyokamua. Kinga ya mwili imekosea adui, inaushambulia mwili wenyewe. Inaharibu ngozi. Kwa watu wengine inaharibu pia viungo."

"Kwa hivyo vidole si kwa sababu ya kuchuma chai?" Kipruto aliuliza.

"Ni ugonjwa ule ule, baba. Vilianza kuvimba lini?"

Kipruto alitazama sakafu. Akajibu kwamba ni zaidi ya miaka miwili. Daktari alivigusa vidole kimoja kimoja, akasema, "Maumivu tutayapunguza. Lakini hivi vidole viwili vimeshapinda. Mngekuja mapema, huenda tungeviokoa."

Alimpima Chelangat sukari na presha. Sukari ilikuwa sawa, lakini presha ilikuwa juu. Akaeleza kwamba wenye soriasisi hupatwa zaidi na presha, kisukari na ugonjwa wa moyo, kwa hivyo wapimwe mara kwa mara. Huzuni nzito nayo hutembea na ugonjwa huu, na ina matibabu. Alikaa na Chelangat faraghani wakaongea kirefu, akampangia siku ya kurudi kwa mshauri. Akampa mafuta ya kupaka na dawa ya presha, akamwandikia aende hospitali kubwa kwa daktari wa ngozi na wa viungo. Aliwaonya wasibandue magamba, wasijaribu dawa za mifugo, na wasiache dawa bila kuuliza. Akasema soriasisi haiponi kabisa, lakini hutulizwa.

Walikwenda huko, akapewa dawa ya viungo, nayo soriasisi ikatulia. Miezi ilipita, ngozi ikalainika. Asubuhi Chelangat aliamka bila kuugulia, akarudi kanisani. Kipruto aliwaendea shangazi zake mmoja mmoja, akawaambia ukweli. Lakini vile vidole viwili havikunyooka, na Chelangat hakuweza tena kushika sosiot.

Basi Kipruto alinunua kibuyu kipya, akakisugua mwenyewe. Majirani walicheka, wakasema hiyo ni kazi ya wanawake. Aliwaacha wacheke. Mursik yake ilikuwa mbaya jamani, mkaa umegandamana mabonge mabonge. Alimimina vikombe viwili, akampa mkewe kimoja.

Chelangat alionja, akakunja uso, akameza. Kisha akamtazama.

"Na lile tumbo lako, Baba Winny, lilipona?"

Chelangat alikuwa ameujua uongo ule tangu siku ile ile. Kipruto aliinua kikombe chake. Akanywa yote mpaka mwisho, akitamani yangekuwa yale maziwa aliyoyakataa.