Umande Chini ya Turubai

Jumapili, tarehe 6 Julai 2025. Asubuhi hiyo Kharumwa kulikuwa na baridi kali. Upepo umetulia, nyasi zimelowa kama zimenyeshewa.

— Edson, njoo uguse hapa.

Limi alikuwa amechuchumaa kwenye kitalu chake cha nyanya, ameinua ukingo wa turubai. Mchumba wake alitoka kibandani akipiga miayo. Alikuwa amekuja mapumziko kutoka machimboni Bulyanhulu, na wiki nzima ndiye aliyelala bustanini ili afunike miche jioni wakati Limi yuko kwenye darasa la watu wazima akijiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne.

— Hata salamu, mpenzi?

— Gusa majani.

— Yamelowa. Si umande huo?

— Umande umepitaje kwenye turubai?

Edson alicheka.

— Mwanafunzi wangu! Siku hizi umekuwa polisi wa nyanya?

Limi hakucheka. Majani yalikuwa yamegeuka zambarau kwa baridi, mashina mengine yamelala chini. Alikuwa amelaumu mbegu, akalaumu udongo, akapiga magoti kumwomba Mungu amwonyeshe alipokosea. Alitoa simu, akasoma kwa sauti ujumbe wa jana jioni:

"Nimeshafunika, mama. Soma kwa amani. Nakupenda."

— Ulifunika saa ngapi, Edson?

Edson aliinama, akaanza kukunja ukingo wa turubai.

— Nijibu. Wazee wenu wako njiani kuja kupanga siku ya harusi.

— Alfajiri. Kabla hujafika.

— Na usiku kucha?

— Niliiacha wazi.

— Usiku wa jana tu?

— Kila usiku. Limi, nisikilize! Kila nikikuambia twende tukaishi Bulyanhulu, unasema nyanya, unasema mtihani. Nikaona miche ikifa, hutakuwa na cha kukushika huku. Ni mapenzi tu.

— Nilikuwa nasali hapa kwa machozi, na wewe pembeni unaitikia amina!

— Niliitikia kwa moyo.

— Usimtaje Mungu tena mbele yangu.

Nyumbani kwao Limi, mshenga Valerian na baba yake Edson walikuwa wameshakaribishwa uji. Limi alipiga goti.

— Shikamooni.

— Marahaba, mkwe, aliitikia baba yake Edson. Mbona macho mekundu? Ndiyo furaha hiyo?

Limi akawaeleza yote. Edson, aliyesimama mlangoni, hakukana hata neno moja.

Valerian alikohoa.

— Nyanya tu, mwanangu. Si utaotesha nyingine? Kijana kazidiwa na wivu.

— Si nyanya, baba. Alinifuta machozi asubuhi, jioni akaiacha miche wazi tena.

Mama yake Limi akamvuta kando, akanong'ona:

— Mayu, mwanangu, ng'ombe wao wa mahari wameshazaa zizini kwetu. Tutawaambia nini watu? Kwani humpendi tena?

— Nampenda, mama. Ndiyo maana naogopa.

— Limi, nisamehe, alisema Edson. Niadhibu utakavyo.

— Nitakusamehe. Niombee nifike huko, maana leo sijafika.

Kisha akasimama katikati yao.

— Mungu ananisikia, na ninyi ni mashahidi wangu. Naahidi sitaolewa na Edson. Ng'ombe wenu watarudi wote pamoja na ndama wao, na Novemba nitaingia kwenye chumba cha mtihani.