Mkalimani wa Wepukhulu

"Na sasa, watu wa Sisibo, habari ambayo hamjawahi kusikia!" ilinguruma spika iliyotundikwa juu ya varanda ya duka la Mzee Velji. "Ng'ombe, huyu mnamwona kila siku, ako na matumbo manne!"

Barabara ikaangua kicheko.

"Fundi!" sauti ya msichana ilipaa kutoka katikati ya watu. "Hiyo ndiyo habari ya kuambia Wanandi? Hata mtoto wa kunyonya anajua! Tuambie kitu hatujui!"

"Kama unajua, madam, taja hayo matumbo."

Msichana akainua mkono na kuyataja moja baada ya jingine kwa Kinandi, akikunja kidole kwa kila tumbo, na wazee waliokuwa wakingoja lori la kuwapeleka kwenye mavuno ya ngano wakampigia makofi. Hivyo ndivyo Wepukhulu alivyokutana na Jemutai, asubuhi moja ya Novemba mwaka 1955, Eldoret, ambayo wenyeji waliiita Sisibo, ikiwa na baridi yake ile ya kuuma masikio.

Wepukhulu alikuwa fundi na muuzaji wa redio, kijana wa kutoka Kimilili. Koti lake la kijivu lilishonewa mtu mnene kuliko yeye, lakini tai nyekundu ilikuwa yake mwenyewe, na aliifunga hata siku za matope. Asubuhi redio ya Nairobi ilikuwa ikikwaruza tu mpaka saa mbili. Mzee Velji hakupenda kuona watu wakipita dukani kwake bila kusimama, kwa hiyo alimpa kijana kipaza sauti na magazeti ya wiki iliyopita. "Soma mambo ya ajabu," alimwambia. "Mtu akicheka, anasimama. Akisimama, atanunua hata betri."

Jemutai naye alikuwa msaidizi wa wauguzi katika wodi ya akina mama. Alitoka Soy, ambako baba yake alichunga ng'ombe katika shamba la mzungu. Gauni lake la kazi lilikuwa la bluu, sweta ya manjano, na raba zake alizipaka chokaa kila Jumapili zikawa nyeupe kuliko meno ya watu wengi. Tangu siku ile ya matumbo manne, njia yake ya kwenda hospitali ikawa ni ya kupitia kwa Mzee Velji. Haikuwa njia fupi.

"Huko Amerika," Wepukhulu angesoma, "kasuku amepelekwa kortini awe shahidi."

"Aliapa na kitabu gani?"

"Gazeti haisemi."

"Basi huyo ni shahidi wa uongo. Endelea."

"Huko Ulaya kuna mzee ameoga mara mbili tu tangu azaliwe."

"Mwambie akuje Sisibo mwezi wa saba. Hata hiyo ya pili ataijutia!"

Watu walicheka mpaka wakachelewa kazini. Lakini kilichowachekesha zaidi ni ndimi za wawili hao. Wepukhulu alikuwa Mbukusu, na ulimi wake haukupatana kabisa na b, d wala g. Baba kwake alikuwa papa, na gari lilikuwa kari. Mgeni akitazama huku na huku bila kuelewa, Jemutai alimtafsiria kwa sauti: "Anasema gari! Gari la moto!" Wakamwita mkalimani. Yeye naye hakuwa malaika, maana kuku kwake alikuwa gugu, na Wepukhulu hakumsamehe. "Hiyo gugu yako ni ya kuchinja ama ni ya kung'oa shambani?" Nikiandika kila neno kama walivyolitamka hatutamaliza leo, basi na mimi nitakuwa mkalimani, isipokuwa pale itakaponibidi.

Kufika Krismasi walikuwa wakipendana, na waliojua hilo wa mwisho ni wao wenyewe. Jumamosi jioni walitembea mpaka daraja la Sosiani, wakala mahindi ya kuchoma, wakarudi kabla giza halijaingia. Siku za kazi kulikuwa na simu. Duka lilikuwa na moja na wodi ilikuwa na moja, na Sista, msimamizi wa wodi, alikwenda kunywa chai yake saa nne kamili, na hapo ndipo walipopigiana.

"Halo, wodi ya akina mama."

"Hapa ni gazeti. Tunauliza, mtu anaweza kufa kwa kukosa kuona mtu mwingine siku mbili?"

"Dalili ni gani?"

"Chai haina ladha. Gazeti nashika juu chini."

"Huyo hafi. Apewe maji moto arudishwe kazini."

"Wewe daktari huna huruma, roho yangu."

"Sista anakuja. Kwaheri, mgonjwa!"

Na alipoweka simu chini alitabasamu peke yake, mpaka akina mama vitandani wakaanza kukonyezana.

Sasa sikiliza jinsi mambo yalivyoharibika. Siku ya Krismasi Wepukhulu alikuwa amenunua mkebe wa pipi, pipi za Ulaya zilizofungwa moja moja kwa karatasi za rangi, juu ya kifuniko pamechorwa farasi. Aliuficha chini ya kitanda katika chumba alichoishi lokesheni, mtaa wa Waafrika, pamoja na Elphas fundi cherehani. Aliapa kwamba mkebe huo utafunguliwa siku atakayomwomba Jemutai amkubali. Ilimchukua mpaka Februari kupata ujasiri wa kupiga simu, na siku hiyo upepo ulikuwa ukizipiga nyaya, sauti zikija na kupotea.

"Jemutai, Jumapili ukuje kwangu na rafiki yako mmoja, watu wasiseme. Kuna kitu nimekuficha."

"Kitu gani?"

"Niko na pipi nyumbani."

"Ati uko na nini?"

"Pipi! Nimeficha tangu Krismasi, hata Elphas hajui. Lakini usijali. Mimi si mchoyo, ukikuja tutagawana..."

Jemutai akafanya kile alichokifanya kila asubuhi mbele ya duka. Alilichukua neno la Wepukhulu, akaitoa p na kuweka b. Na bibi, kwetu huku bara, ni mke wa mtu. Namna mke anavyoweza kufichwa katika chumba cha watu wawili, hakungoja kufikiria.

Akaweka simu chini. Akaingia chooni, akalia, akanawa uso, akarudi kuwapima watoto joto. Kesho yake Sista aliuliza nani angependa kwenda hospitali moja ya misheni upande wa Kapsabet, kusomea ukunga miaka miwili. Jemutai aliandika jina lake kabla swali halijaisha. Alimpenda mtu yule sana, na hakutaka kupita tena barabara yenye sauti yake.

Wiki tatu Wepukhulu aliishi kama mtu aliyepigwa bila kuambiwa kosa. Akipiga simu, anajibiwa kwamba Jemutai ana kazi. Alikwenda mpaka lango la hospitali siku ya Jumapili, bawabu akamwambia ameenda Soy. Asubuhi alisoma habari za panya aliyekula noti na hakuna aliyemjibu. Watu walipita tu.

"Yule msichana yuko wapi?" Mzee Velji aliuliza. "Bila yeye wewe ni mtu anasoma gazeti, basi."

"Sijui, Mzee. Hata mimi nauliza."

Ijumaa ya mwisho Jemutai alilazimika kuja. Gauni lake jipya la safari lilikuwa kwa Elphas, na cherehani ya Elphas ilikaa kwenye varanda ile ile, hatua kumi kutoka kwenye kipaza sauti. Angeweza kwenda kwa fundi mwingine, lakini gauni halikuwa kwa fundi mwingine. Jumatatu angepanda basi la Kapsabet.

"Huko Ureno," Wepukhulu alikuwa akisoma, "kuna bata ametaga..." Akaiona sweta ya manjano. Bata wa Ureno akaachwa hapo hapo. Wepukhulu alimfuata Jemutai na kipaza sauti mkononi, waya ukijivuta nyuma yake, na barabara nzima ikasikia.

"Jemutai! Nimekukosea nini?"

"Elphas, nipatie gauni yangu."

"Niambie tu. Nikijua nitaomba msamaha mbele ya watu wote hawa."

"Salimia bibi yako."

"Nani huyo?"

"Huyo umeficha nyumbani tangu Krismasi! Ati mimi nikuje tugawane!"

"Wooi!" watu walipiga kelele. Mama mmoja muuza maziwa akatua kibuyu chake chini ili asikie vizuri. Mzee Velji akatoka dukani kalamu ikiwa sikioni.

"Mimi sina mtu nyumbani! Nilisema pipi!"

"Si hiyo ndiyo nimesema? Bibi!"

"Pipi!"

"Ndiyo! Bibi!"

"Si pipi ya kupika! Ni pipi ya kumumunya!"

Cherehani ya Elphas ikasimama. Elphas akakohoa na kuangalia sindano yake. "Dada Jemutai," alisema, "pipi ni za kweli. Mkebe wa farasi, chini ya kitanda. Mimi... nimekuwa nikila moja moja kila Jumapili nikitoka kanisani. Zimebaki nne."

"Elphas!" alifoka Wepukhulu, na spika ikapiga mluzi.

Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka stesheni. Jemutai alijifunika uso kwa gauni jipya, mabega yakitikisika, na alipolishusha macho yake yalikuwa yamelowa. Aibu, furaha, na hasira kwa zile wiki tatu, vyote vilikuwemo. Mzee Velji, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimnyang'anya Wepukhulu kipaza sauti akakizima, watu wakilalamika. Wawili wale wakasogea pembeni, kwenye nguzo ya varanda.

"Mbona hukuniuliza?"

"Nikuulize nini? Kila asubuhi nakutafsiria, sijakosea hata siku moja. Ningejuaje siku hiyo umetamka sawasawa?"

Wepukhulu akacheka, kisha akalitazama gauni. "Hii ni ya kwenda wapi?"

"Kapsabet. Miaka miwili, kusomea ukunga. Jina nimeshaandika, na sitalifuta. Nimeitaka hiyo kazi tangu nikiwa msichana mdogo."

Maneno hayo yalimchoma. Angeweza kumwomba abaki, na pengine angebaki. Hakumwomba.

"Maili thelathini," alisema. "Baiskeli yangu inafika."

"Na barua?"

"Na barua. Nitakuandikia habari zote za ajabu." Akashika tai yake, akainyoosha. Wiki hizo tatu alikuwa amejiambia kwamba akipewa nafasi moja tu ataitumia vizuri, kwa ulimi safi kama wa mwalimu. Akakaza midomo. "Jemutai, nataka uende huko ukijua. Mwezi ujao nakuja Soy na wazee wangu kuona baba yako. Nataka uwe bibi yangu."

Ile b ilitoka safi kabisa. Jemutai alitikisa kichwa polepole, na moyo wa Wepukhulu ukashuka mpaka kwenye viatu.

"Huyo anayeongea hivyo simjui," alisema Jemutai. "Mimi nilipenda Wepukhulu. Sema kama yeye."

Wepukhulu akailegeza tai. "Nataka uwe pipi yangu."

"Huyo sasa nimemwelewa," alisema Jemutai, akamshika mkono mbele ya Sisibo yote. "Mwambie nimekubali."