Kona ya Stanslaus

Dorika hakuwa mtu wa kupiga honi mara mbili. Asubuhi ile ya Agosti, katika soko la Buzogwe pale Mpanda mjini, alipiga mara moja tu, na kijana mmoja mwenye tenga la samaki begani alipochelewa kupisha, pikipiki ikampitia karibu mno. Tenga likayumba, migebuka ikamwagika juu ya nyanya za watu.

"We dada! Kwani barabara umenunua?" kijana akafoka.

"Ningekuwa nimenunua ningeweka geti, watu kama wewe msipite."

Wauza nyanya wakacheka. Kijana alitaka kukasirika, akashindwa. Mbele yake alikaa mwanamke mwenye jaketi jeusi la ngozi juu ya gauni la kitenge cha njano, jinzi chini yake, kilemba chekundu kikichungulia kwenye helmeti, na macho ya mtu asiyejua kuomba radhi. Kijana akainama, akaokota samaki mnene kuliko wote, akampa.

"Chukua. Huyu kaja na lori la Karema alfajiri."

"Nimekumwagia samaki halafu unanipa zawadi?"

"Nakuhonga, ili kesho upite hapahapa."

Kesho yake Dorika alipita hapahapa, na wala hakuwa na abiria.

Kijana aliitwa Yunus. Kila wiki alileta samaki wa Ziwa Tanganyika toka kwao Karema kuuza Mpanda, na sasa kila wiki ilianza kuwa ndefu. Dorika alikuwa mwanamke pekee kwenye kijiwe chake cha bodaboda, na wanaume wa pale walimheshimu, maana waliojaribu kumzoea vibaya walijuta. Lakini simu ya Karema ikiita, sauti yake ilibadilika hadi wenzake wakaguna.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Nitakulaje na wewe uko huko?"

"Basi shinda njaa, labda utapunguza hicho kitambi," Dorika alijibu, huku akitabasamu peke yake.

Kufika Septemba walishakubaliana. Yeye abaki na rozari yake, Yunus abaki na swala yake, ndoa ifungwe bomani. Tatizo lilikuwa Kasokola, nyumbani kwa baba yake Dorika.

Mzee Kasimiri alikuwa Mpimbwe wa msimamo, mkulima wa mahindi na mwenyekiti wa jumuiya kanisani. Alimsikiliza binti yake hadi mwisho, akatingisha kichwa.

"Mtoto wangu haolewi bomani kama mtu asiye na kwao. Basi."

"Babu angekuwepo angekubali," Dorika akasema.

Hapo alikuwa amegusa kidonda. Babu yake, marehemu Stanslaus, alifanya kazi mgodini Mpanda enzi za mkoloni. Kila alipokunywa kidogo, na hata alipokuwa hajanywa, alisimulia kuwa wazungu wa mgodi walikuwa na barabara yao ya kushindania magari, pembeni ina mawe yaliyopakwa chokaa, na kona moja kubwa iliyojazwa makapi ya mgodini, yale mabaki ya mawe yaliyosagwa, ikimetameta jua likiipiga. Yeye alikuwa utingo, kazi yake kujilaza upande wa ndani gari likikata kona ili lisipinduke. Sikukuu moja bosi wake alilewa akazimia usukanini. Stanslaus akashika usukani, akaikata ile kona, akawa wa kwanza. Kombe akapewa mzungu.

Hakuna aliyemwamini. Mgodi ulifungwa, wazungu wakaondoka, na barabara yenyewe hakuna aliyeijua ilikopita. Watu wakamwita Stanslaus Muongo hadi anaingia kaburini, na Kasimiri alisoma shule nzima akiitwa mtoto wa Muongo.

"Usinitajie yule mzee!" Kasimiri akanguruma. "Unataka kuolewa na huyo mvuvi wako? Sawa. Siku mtakayonionyesha barabara ya baba yangu kwa macho haya, ndiyo siku atakula ugali wangu kama mkwe. Kabla ya hapo, asikanyage hapa."

Alisema hivyo kwa sababu alijua hakuna barabara. Dorika akasimama, akavaa helmeti yake palepale sebuleni.

"Umesema mwenyewe, baba. Mama amesikia."

Wakaanza kutafuta. Kila Yunus alipomaliza kuuza, alipanda nyuma ya pikipiki, wakazunguka Magamba, wakazunguka njia za ng'ombe hadi karibu na Katumba, wakiuliza wazee, wakifukua mawe. Walipata daraja bovu lisiloelekea popote, wakapata chuma chenye kutu ambacho kilikuwa jembe la plau tu. Walirudi wamejaa vumbi hadi kwenye kope, wakagombana, wakacheka, wakanunua mihogo ya kuchoma na kula wakiwa wameegemea pikipiki. Dorika hakuwahi kuwa na furaha kama hiyo tangu azaliwe. Yunus naye alikuwa na furaha, ila ndani yake hofu ilikuwa inakua. Je, wasipoipata?

Sasa hofu ni kitu kibaya, inaweza kumfanya mtu mwenye akili zake timamu afanye upuuzi. Siku moja ya Novemba Yunus alikwenda Magamba peke yake na mfuko wa chokaa na brashi. Akapaka mawe ya pembeni mwa njia moja ya zamani, akayachafua na udongo kidogo yaonekane ya kale, kisha akapiga simu.

"Dorika! Nimeipata, mama! Mawe ya babu yako, haya hapa!"

Yule binti alipiga kelele ya furaha hadi kijiwe kizima kikashtuka. Hakusubiri kwenda kuangalia kwanza. Alimpakia baba yake, mama yake, Vestina, akafuata na bodaboda nyingine, wajomba wakapanda baiskeli. Walipofika, Yunus alishtuka kuona umati ule. Alitaka kusema neno, lakini mvua ya kwanza ya msimu ikamwahi.

Ilinyesha kubwa, ya ghafla. Chokaa ikaanza kuchuruzika toka kwenye mawe, nyeupe, ikatiririka njiani hadi kwenye viatu vya Mzee Kasimiri. Mzee akainama, akachovya kidole, akakinusa.

"Barabara yenu inanawa uso," alisema taratibu. "Hongera, mwanangu. Ukoo wa waongo umepata mkwe anayeufaa."

Mjomba mmoja akacheka, na kicheko kile kilimchoma Dorika kuliko tusi. Alimgeukia Yunus, maji yakimtiririka usoni, mengine si ya mvua.

"Umefanya nini?"

"Nilikuwa naogopa kukukosa. Wallahi, Dorika, nilitaka tu..."

"Babu yangu amekufa anaitwa muongo. Mimi nahangaika kulisafisha jina lake, na wewe unanisaidia kwa uongo? Uongo! Nenda kwenu. Nenda kauze samaki."

Yunus akaenda. Alipiga simu mara nyingi, hadi akagundua ameblokiwa. Mke wa rafiki yake akapeleka salamu, zikarudi kama zilivyo. Krismasi ikapita bila wao kuonana, na kwenye kijiwe hakuna aliyethubutu kumtania Dorika.

Februari alikuwa Kasokola akimsaidia baba yake palizi. Shamba lilikuwa zuri, isipokuwa kipande kimoja ambacho kila mwaka kilimtia mzee hasira. Hapo mahindi yaliota ya manjano na mafupi, yakiishia magotini, hata angemwaga mbolea ya namna gani. Kasimiri aliamini jirani yake Obadia amekiloga. Obadia, ambaye shamba lake lilikuwa na kipande kama hicho, aliamini Kasimiri ndiye mchawi. Wazee hao wawili walikuwa hawasalimiani tangu Dorika akiwa shule ya msingi, na kila mmoja alipanda kipande chake kila msimu kwa ubishi tu.

Mchana ule Dorika alikasirika bila sababu mpya. Alitupa jembe, akapanda juu ya mwamba ulio nyuma ya shamba, mahali pekee penye mtandao, akaondoa bloki na kupiga Karema.

"Dorika?" Yunus alipokea mara moja. "Ni wewe kweli?"

"Nyamaza, nimepiga kukutukana."

"Tukana, mpenzi. Ninasikiliza."

"Wewe ni mjinga. Ungeniambia tumeshindwa, ningekubali tumeshindwa. Tungekwenda bomani siku hiyohiyo! Nani alikwambia nitakuacha kwa sababu ya barabara? Nimekesha nalia kwa ajili ya mtu mjinga, mpaka chokaa, mwanaume mzima unapaka... Subiri."

"Nisubiri nini?"

"Subiri, nimesema."

Alikuwa amegeuza uso kufuta machozi, na macho yake yakaangukia mashambani. Toka chini, kipande kibaya kilikuwa kipande kibaya tu. Toka juu kilikuwa mstari. Ukanda mpana wa njano ulitokea msituni, ukakata shamba la Obadia, ukaingia kwa baba yake, ukapinda kona kubwa safi, kisha ukapotelea kwenye tumbaku ya watu wa ng'ambo.

"Yunus," alinong'ona. "Tulikuwa tunaipalilia."

"Nini?"

"Panda gari. Kesho uwe hapa."

Kesho yake, majira ya saa sita, Yunus alishuka Kasokola na shati jeupe lililokunjamana na kofia yake ya kufuma. Dorika alimshika mkono mbele ya watu wote, akampeleka shambani, walikosimama baba na mama yake. Ng'ambo ya mpaka Obadia alisimama pia, amekunja mikono.

"Shikamoo baba," Yunus akasema. Badala ya kuitika, mzee akamgeukia Dorika.

"Huyu tena? Na hapa kuna nini zaidi ya uchawi wa mtu fulani?"

Dorika akanyanyua jembe, lakini hakupiga kwanza.

"Baba, sikiliza kabla sijachimba. Nimemsamehe Yunus, na Jumatatu tunakwenda bomani kuandikisha ndoa. Hata kama hapa chini kuna udongo mtupu, tunakwenda. Ruhusa yako naitaka sana, lakini siichimbi kwenye ardhi. Hapa nachimba kwa ajili ya babu."

"Unanijibu hivyo mbele ya watu?"

"Ndiyo, baba. Nakuheshimu, na nakujibu."

Akapiga jembe mara kadhaa, akashuka chini kuliko palizi inavyofika. Udongo ukaachia kirahisi, halafu jembe likagonga kitu kigumu na kurudi juu. Yunus akachukua sururu, akapiga hadi kofia ikaanguka. Mabonge yakabanduka, kokoto zilizoshindiliwa na makapi meusi ya mgodini. Jua la mchana likayapiga, nayo yakametameta.

Mzee Kasimiri alipiga magoti. Alishika bonge moja, akaligeuza, akaligeuza tena.

"Ilikuwa inametameta," alisema. "Alisema hivyo. Kona ilikuwa inametameta."

Akalia, mzee yule mkali, bila kujificha. Mama Vestina akamwekea mkono mgongoni. Kisha Kasimiri akanyanyua uso kuelekea mpakani.

"Obadia! Siyo wewe. Nisamehe, bwana. Ni barabara ya baba yangu."

"Na mimi nilijua ni wewe," Obadia akajibu, akaruka tuta kuja kuona.

Dorika alimwacha baba yake alie hadi amalize. Halafu akaleta pikipiki ukingoni mwa mahindi mafupi na kuwasha.

"Panda, baba."

"Niende wapi?"

"Alipopita yeye. Kona ikianza, lala upande wa ndani."

Mzee akapanda. Pikipiki ikachomoka, mahindi ya njano yakilala chini ya matairi bila mtu kuyahurumia, na kona ilipoanza Mzee Kasimiri akajilaza upande wa ndani, mkono mmoja hewani, akiliita kwa kelele jina la baba yake. Yunus alikuwa ameshakimbia kupitia katikati ya shamba, akasimama upande wa pili akipunga kofia yake, akiruka kama mwendawazimu.

Dorika akafunga breki miguuni pake, udongo ukawarukia wote watatu.

"Nani wa kwanza?" akauliza akihema.

"Wewe, mpenzi," Yunus akasema. "Mimi nitakuwa utingo wako."

Mzee Kasimiri alishuka taratibu, akajikung'uta suruali, akamwangalia kijana yule wa Karema kuanzia kofia hadi viatu.

"Jumatatu nitakuja huko bomani," alisema. "Sasa twende nyumbani, mkwe. Ugali unapoa."