Ndaki Arudi Darasani

Kila asubuhi, kabla jua halijachomoza, Ndaki alikuwa amekwisha kubandika sufuria ya uji. Aliuza uji na vitumbua karibu na mashimo ya dhahabu ya Mwakitolyo. Wachimbaji walimpenda, kwa sababu uji wake ulikuwa mzito na maneno yake mepesi.

Siku moja simu yake ililia. Ulikuwa ujumbe wa binti yake Juliana, aliyeolewa Katoro. Ndaki hakujua kusoma. Akafanya kama siku zote, akampelekea Maganga, mwenye kibanda cha kuchaji simu.

Maganga alisoma kwa sauti, wateja wote wakisikia: "Mama, nina mimba changa. Usimwambie mtu kwanza."

Watu wakaangua kicheko. Maganga akashika mdomo.

"Nisamehe, Mama Juliana. Nilikuwa nimeshasoma."

Ndaki naye alicheka, lakini njiani machozi yalimlenga. Siri ya mwanawe alikuwa ameisikia pamoja na wateja wa Maganga.

Jioni alikuja jirani yake, Apolonia.

"Shikamoo, Mama Juliana."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kigoda."

"Nimesikia ya kibandani. Kwa nini uliacha darasa la watu wazima?"

"Lilikuwa saa sita mchana," Ndaki akajibu. "Saa hiyo wachimbaji wanatoka shimoni na njaa zao. Nani angewauzia? Tena tuliimbishwa a, e, i, o, u kama watoto. Nikaacha hata neno uji silijui."

"Basi kosa halikuwa lako. Mtu mzima ana kazi zake, na darasa lazima lizifuate. Sasa mwalimu ni mimi. Wewe unapata nafasi saa ngapi?"

"Saa kumi, nikishaosha vyombo."

"Na unataka kusoma nini?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Ndaki akafikiri.

"Simu yangu," akasema. "Na vibao vya magari, nifike Katoro bila kushikwa mkono."

Apolonia aliwauliza na wanafunzi wengine, darasa likahamia saa kumi. Neno la kwanza likawa "uji". Wakalikata: u, ji. Kwa "ji" wakapata jiko, jina, jirani. Aliyekwama alielezwa kwa Kisukuma. Baadaye wakaanza kutumiana ujumbe kwa simu zao wenyewe. Mzee Mwigulu, mfugaji, alimwandikia Ndaki: "Vitumbua vyako vina chumvi." Ndaki akamjibu: "Leta sukari." Darasa zima lilicheka, na Mwigulu zaidi ya wote.

Mvua zilipoanza, simu ililia tena. Ndaki aliweka mwiko chini, akasoma taratibu, kidole kikifuata maneno: "Mama, nimejifungua salama. Mtoto wa kike. Njoo."

Akarudia kusoma. Kisha akaenda kumwambia mumewe, Bujiku.

Alipofika stendi ya Kahama, wapiga debe walimvuta huku na huku. Aliwapita, akatazama vibao vya magari kimoja kimoja, mpaka akaliona neno Katoro. Akapanda.

Kesho yake alimsindikiza Juliana na mtoto kliniki. Muuguzi aliuliza jina la mtoto.

"Bibi yake ndiye anayempa," Juliana akasema.

"Kabula," Ndaki akasema, jina la Kisukuma la mtoto wa kike aliyezaliwa mvua ikinyesha.

"Kabula au Kabura?" muuguzi akauliza.

"Naomba kalamu, mwanangu."

Muuguzi akampa kalamu na karatasi. Ndaki akainama, akaandika polepole, kila herufi mahali pake: Kabula. Juliana alimtazama mama yake, akasahau hata kumfunika mtoto.

"Mwandiko mzuri, bibi," muuguzi akasema. "Ulisoma wapi?"

"Bado nasoma," Ndaki akajibu.