Bonde Tulilosema Halina Mtu

Kila majira ya joto sisi Wakirgizi tulipanda milimani na kondoo wetu. Bonde la chini tuliliacha, majani yake yakue yawe chakula cha wakati wa baridi. Mimi nilikuwa mke mpya katika hema la mzee Sooronbai, baba mkwe wangu.

Mwaka mmoja alikuja Mrusi mmoja, mtaalamu wa mimea, ana darubini na karatasi za kukaushia maua. Tulimkaribisha kwa mkate na maziwa ya farasi. Kupitia mkalimani, akauliza bonde la chini lina nani. Baba mkwe akajibu, "Hakuna mtu."

Mgeni akaandika.

Mwaka uliofuata ikaja barua ya serikali. Bonde halina wenyewe, litapewa walowezi. Bila bonde lile kondoo wetu wangekufa kwa baridi, na sisi nyuma yao.

Jirani yetu Kalmat aliwahi kuwabebea wapimaji ardhi wa Kirusi masanduku, akajifunza herufi zao. Alitusomea ile barua taratibu, wala hakutucheka. Alisema yule bwana alipenda maua kweli, lakini aliyemtuma ni serikali, nayo ilitaka ramani. Ramani ikisema mahali ni patupu, huko ndiko inakopeleka watu wake.

"Kumbe mimi ndiye niliyeligawa bonde?" baba mkwe akauliza.

"Wewe ulijibu la siku ile, mzee. Wao wakaandika la daima. Mtu akiuliza tena, mwambie wenyewe ni sisi, tunarudi na theluji."

Mama mkwe akasema mzee huyu hajapata kumjibu yeye zaidi ya maneno mawili, basi Mrusi angepataje zaidi?

Kalmat akaandika barua kuomba afisa aje aone. Afisa alipofika, Kalmat alimpeleka kwenye zizi letu la bondeni, akachimba. Samadi ilikuwa imelala tabaka juu ya tabaka, moja kwa kila baridi. Afisa alihesabu huku ameziba pua. Alipofika hamsini akaacha.

"Watu huweza kudanganya, bwana," Kalmat akamwambia. "Kondoo hawajui."

Ramani ikasahihishwa. Mabonde mengi ya wenzetu hayakupona, ndiyo maana nawasimulia.

Theluji ilipoanguka tulishuka, tukakuta majani yanafika magotini. Mama mkwe alimpelekea Kalmat mkia mnono wa kondoo, sehemu ya mgeni wa heshima. Mwanangu wa kwanza alizaliwa humo bondeni. Alipoanza kusema, nilimfundisha kwamba akiulizwa hapa ni kwa nani, ajibu, "Kwetu."