Mluzi wa Saa ya Sala

Hebu ione picha hii pamoja nami. Jua limezama nyuma ya minazi, na mtu amegonga mtungi mtupu wa gesi unaoning'inia kwenye mti mbele ya kanisa. Kijiji kizima kimeingia majumbani. Barabarani wamebaki vijana wa zamu tu, shuka kiunoni, mikono nyuma, wakihakikisha hakuna anayepita wala kupaza sauti mpaka sala ya jioni iishe. Watoto wamekunja miguu mkekani. Hata mbwa wametulia. Halafu, katikati ya ukimya huo, kutoka nyumba moja yenye kaburi jeupe mbele ya mlango, unasikika mluzi.

Si mluzi wa mtu. Unaanza juu, mwembamba, unashuka, unakwaruza kama kopo linaloburutwa kwenye saruji. Kisha mluzi mwingine unaujibu, kutoka mbali.

Nyumba hiyo ilikuwa ya Pesamino, fundi wa umeme, na kilichopiga mluzi ni kisanduku kidogo cheusi kinachoitwa modemu, kilichokaa juu ya meza karibu na simu.

Alikileta kwa ajili ya binti yake, Lagi. Msichana huyo alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari mjini Apia, mji mkuu wa kisiwa chao, akaumia goti uwanjani, likavimba kama shelisheli. Kwenda na kurudi mjini kila siku asingeweza. Shule ikasema basi, kama nyumbani kuna simu na kompyuta, Lagi aingie kwenye mtandao wa shule kwa njia ya simu, achukue masomo yake na kurudisha majibu. Mama yake, anayefanya kazi kiwandani Auckland, ng'ambo ya bahari, alituma kompyuta iliyotumika, imefungwa ndani ya mablanketi pamoja na makopo ya nyama.

Pesamino aliunganisha nyaya, akaandika namba ya shule, akaandika jina la Lagi na neno lake la siri, akabonyeza. Laini ina mtu. Akajaribu tena asubuhi, mchana, alasiri. Laini ina mtu. Shule ilikuwa na laini moja tu, na karani alikuwa na dada zake wengi wa kuongea nao.

Mwishowe alimpigia Iosefo, mwalimu wa kompyuta.

"Kaka, piga saa ya sala," Iosefo alimwambia. "Karani ameshaondoka, na nyie wote wa vijijini mmefumba macho. Mimi nipo hapa peke yangu na mashine yangu, naipokea simu yako mwenyewe."

"Saa ya sala? Huku kwetu?"

"Unaogopa wale vijana wa shuka? Umeshaota mvi, bwana!"

Mama yake Pesamino, Bibi Fuatai, alisikia kila neno. Alikuwa amekaa juu ya kaburi akimenya magimbi, maana pale ndipo palipokuwa na upepo.

"Pesamino," alisema, "saa ile hata mjomba wako aliyelala hapa chini asingekubali mtu apige chafya."

"Mama, mjomba Tuiloma amekufa."

"Nimesema hajafa?" Bibi akamtazama. "Nimesema amelala."

Tuiloma alikuwa kaka yake Bibi. Enzi zake ndiye aliyesimama barabarani saa ya sala, na rungu la mvinje begani. Kuna mtu aliwahi kucheka wakati wa sala, akavunjwa taya. Hakuna aliyemlaumu Tuiloma. Alizikwa na rungu lake.

Jioni hiyo mtungi wa gesi uligongwa, Bibi akafumba macho, na Pesamino akabonyeza. Modemu ikapiga mluzi, ya shule ikajibu, na kioo kikaandika kwamba Lagi ameingia. Msichana alitabasamu huku akiwa bado ameinamisha kichwa.

Ndipo ikaja harufu. Udongo uliolowa, na mafuta ya nazi yaliyochacha. Kisha sauti, tok, kwenye nguzo ya kwanza ya nyumba. Tok, nguzo ya pili. Kitu kilikuwa kinaizunguka nyumba taratibu, kikigonga nguzo moja moja, kama mlinzi anayehesabu milango.

"Vijana wa zamu," Pesamino alinong'ona.

"Vijana hawaingii uani," Bibi akanong'ona.

Nje, mbwa wao alilia mara moja tu. Sala ilipoisha walimkuta barabarani, mahali pale pale Tuiloma alipokuwa akisimama, mgongo umevunjwa vipande, na ulimi wake umebanwa kati ya meno hadi ukakatika.

"Umemwamsha," alisema Bibi.

Pesamino hakuwa mjinga wala mkaidi kupita kiasi. Alikuwa baba mwenye mtoto anayekaribia mtihani. Alifikiri usiku kucha, na asubuhi akapata jawabu lililomfurahisha: kama tatizo ni mluzi, basi mluzi uzimwe. Aliandika amri fupi kwenye kompyuta, na kipaza sauti kidogo ndani ya modemu kikafa.

"Sasa haitoi hata sauti ya mbu," alimwambia mama yake.

"Haitoi kwako," Bibi akajibu. "Na kwenye waya je?"

"Kwenye waya nani anasikiliza, Mama?"

Bibi aligeuza uso kuelekea kaburini.

Jioni ikafika, mtungi ukagongwa. Pesamino akabonyeza. Kimya kitupu, taa za modemu zilikonyeza, na Lagi, mguu wake umewekwa juu ya mto, akaanza kuvuta masomo yake. Pesamino alishusha pumzi. Na pumzi ile ilikuwa haijaisha kutoka alipoona waya wa simu, ule uliotoka ukutani na kupita juu ya kaburi hadi kwenye nguzo ya barabarani, unatikisika kama kamba ambayo mtu anaishika kwa mkono na kuifuata, na kadiri ulivyotikisika ndivyo harufu ya udongo ilivyojaa ndani, ikaingia puani na kinywani, mpaka taa ikafifia na mkeka chini ya magoti yao ukaanza kulowa maji baridi yasiyojulikana yalikotoka.

Pigo la kwanza liliivunja meza. Pesamino aliona rungu halipo, mkono haupo, mbao tu zikipasuka. Alinyoosha mkono kumkinga binti yake na pigo la pili likaupata chini ya kiwiko. Alisikia mfupa wake ukivunjika kabla hajasikia maumivu, akaanguka, na kwa mkono uliobaki akaushika waya na kuung'oa ukutani pamoja na kipande cha ubao.

Taa za modemu zikazima. Ukimya ukarudi.

Kisha mluzi ukaanza. Ulianza juu, mwembamba, ukashuka, ukakwaruza, na ulikuwa unatoka kinywani mwa Lagi.

Macho ya msichana yalikuwa wazi, yamejaa machozi. Alikuwa anajaribu kuuziba mdomo wake kwa viganja vyote viwili, na mluzi ulipita katikati ya vidole. Rungu lilimpiga mgongoni. Akapiga mluzi. Likampiga tena, begani, kwenye mbavu, na kila alipopigwa mluzi ulikatika kidogo kisha ukaendelea, damu ikitoka midomoni, huku Bibi Fuatai amemlalia juu na kupiga kelele kwa kaka yake, "Mtoto huyu! Ni mtoto wako huyu, Tuiloma!" mpaka mtungi wa gesi ulipogongwa tena kuwaambia watu sala imekwisha.

Mapigo yakakoma palepale. Lagi alizimia.

Ikawa hivyo jioni iliyofuata, bila kompyuta na bila waya. Mtungi unagongwa, Lagi anapiga mluzi, na kwa sababu anapiga mluzi anapigwa. Walimfunga kitambaa mdomoni. Mluzi ukatoka puani, na kipigo kikazidi. Mgongo wake ulikuwa mweusi wote. Daktari alimfunga Pesamino mkono, akamtazama Lagi, akamtazama tena Pesamino kwa jicho baya, akauliza nani anamtesa binti huyu. Ilikuwa wazi kwamba Lagi hatastahimili jioni nyingi namna hiyo.

Bibi akamwita Sulufaiga, mganga wa ng'ambo ya mlima, mwanamke mnene mwenye vidole laini, aliyefika na kuku wa tambiko kwapani. Sulufaiga alimpaka Lagi mafuta, akamkanda tumbo na shingo kwa muda mrefu, kisha akasema kwa upole, kana kwamba anaongea na mgeni mlangoni, "Wewe uliyemo humu, unafanya nini?"

Sauti iliyojibu kutoka kwa Lagi ilikuwa ya mwanamume. "Nalinda."

"Unataka nini?"

"Aliyepiga mluzi."

Sulufaiga aliifuta mikono yake. "Nirudishieni kuku wangu nyumbani," alisema, "sijui hata kwa nini nilikuja naye. Hapa hakuna ugonjwa. Hapa kuna kosa. Mtu akimkosea mtu mwingine sisi tunafanyaje?"

Pesamino alitazama mkono wake uliofungwa.

"Si nakuuliza wewe? Kijana wako akimuua mtoto wa watu, unawapelekea wazazi wake vidonge?"

"Tunakwenda kuinama mlangoni pake, tuombe msamaha," alisema Pesamino.

"Basi nenda kainame. Na ile modemu ukaizike miguuni pake."

Kuinama ni kuinama. Siku iliyofuata, kabla ya mtungi kugongwa, Pesamino aliizika modemu, akaweka mbele ya kaburi mzigo wa kuni na mawe ya kuokea, kama wafanyavyo wakosaji wanaposema, tupike ukitaka. Akapiga magoti, na Bibi akamfunika kichwa hadi miguu kwa mkeka ule mwororo wa ukoo, ambao hutolewa kwenye misiba na ndoa kubwa tu.

"Usitoke mpaka mwenyewe akufunue," alisema Bibi. "Akikataa..."

"Najua, Mama. Rudi kwa Lagi."

Mtungi ukagongwa. Chini ya mkeka palikuwa na giza na joto. Kutoka ndani ya nyumba mluzi wa Lagi ulianza, lakini baba yake hakuinuka. Alisikia saruji ya kaburi ikikwaruza. Alisikia nyayo, nzito na zilizolowa, zikipita kando ya nyumba kuelekea mlangoni, akasema kwa sauti ndogo, "Mjomba, ni mimi. Mtoto alitii tu. Mimi ndiye niliyebonyeza," na nyayo zikasimama, zikageuka, zikamjia yeye. Kuni ziliinuliwa moja moja na kuangushwa. Jiwe lilipasuka kama yai karibu na sikio lake. Kisha pigo likashuka mgongoni, na jingine, akauma ulimi asilie, maana ilikuwa saa ya sala na kulia nako ni kelele, na alipigwa hadi magoti yake yakazama kwenye udongo na damu ikaulowesha mkeka na hakujua tena kama alikuwa anapumua au anakumbuka tu jinsi ya kupumua.

Mluzi wa Lagi ukakatika.

Mkeka ukainuliwa, polepole, kwa pembe moja. Pesamino aliona miguu miwili yenye udongo mwekundu katikati ya vidole. Hakuthubutu kutazama juu zaidi.

"Wewe umeinama," ilisema ile sauti. "Yule aliyejibu je?"

Lagi alilala usingizi wa kawaida usiku ule, na asubuhi akaomba chai na mkate. Bibi alilia akimlisha. Jioni mtungi uligongwa, nyumba ikawa kimya, na nguzo hazikugongwa.

Pesamino, mgongo umefungwa bendeji, aliurudisha waya wa simu ukutani na kumpigia Iosefo mchana wa siku iliyofuata.

"Mwalimu, sikiliza. Njoo uiname. Mashine yako ndiyo iliyojibu mluzi. Nitakuazima mkeka."

Iosefo alicheka mpaka akakohoa. "Niiname mimi? Kwa sababu ya modemu? Kaka, umeanguka kwenye ngazi ya umeme nini?"

"Nakuomba."

"Mwambie Lagi apunguze kwanza. Jina lake linaingia hapa kila jioni, saa ile ile, na haandiki kitu. Anapiga, naipokea, kimya. Jana nikadhani wewe unanitania."

Pesamino alimtazama binti yake, aliyekuwa amekaa uani akikunja nguo. Alitazama udongo uliofukiwa miguuni pa kaburi.

"Usiipokee leo," alisema. "Iosefo, nakusihi, izime."

"Haya, haya. Salimia Bibi."

Jioni hiyo waliketi mkekani wote watatu. Mtungi ukagongwa, na simu ikaanza kulia. Ililia, ikalia. Pesamino alimtazama mama yake. Bibi Fuatai alitikisa kichwa, machozi yakimtiririka, na kumkamata Lagi mkono kwa nguvu. Hakuna aliyeinuka. Simu iliendelea kulia mpaka mwisho wa sala, na mtungi ulipogongwa tena Pesamino aliikimbilia na kuiweka sikioni.

Alisikia tok. Kimya kidogo. Tok. Halafu sauti ya Iosefo ikijaribu kusema, Pesamino, Pesamino, kwa taya isiyofunga tena, na badala ya jina ukatoka mluzi mwembamba, kutoka juu, ukishuka.

Aliuchukua mkeka wenye damu yake na kutoka mbio kwenda mjini kwa Iosefo.

Nami nakuomba ukumbuke jambo moja tu, taratibu, bila kuogopa sana. Jioni watu wote wakinyamaza, na simu ikalia nyumbani kwako, ukapokea na kusikia mluzi upande wa pili, usiujibu.