Joyceline na Tamthilia ya Saa Moja

"Acha uongo, Grasiana! Sehemu ya jana hukuiona, sasa unamhukumu nani?"

"Ningeionaje wakati dishi lako linaonyesha chenga tupu? Na bado nasema, yule dada asirudi kwa mume. Abaki kwao!"

Uani kwa Mashavu, Masuguru mjini Korogwe, ugomvi wake na jirani yake Grasiana juu ya tamthilia ulikuwa umevuta majirani kama harufu ya vitumbua. Mmoja aliyekuwa akipeta mchele alisahau ungo mkononi. Joyceline, fundi cherehani aliyepanga chumba cha mbele, alikaa kizingitini na dera lake la kijani, tepu ya kupimia shingoni, akichochea moto pande zote mbili.

"Mimi nasema arudi," alisema, "ila arudi na mwanasheria."

Sauti ikatoka juu ya bati. "Na mwanasheria mwenyewe ndiye mchepuko wa mume. Subirini Jumatano."

Vichwa vyote vikainuka. Alikuwa fundi dishi, Valentino wa Handeni, mrefu, mikono ya shati imekunjwa hadi viwikoni, anatabasamu na spana mkononi.

"Kaka, umeitwa kufunga dishi au kutuharibia utamu?" Joyceline akamvaa.

"Dishi limeshakaa, dada. Imebaki namba yako tu. Jumatano uniambie kama nimedanganya."

Uani ukalipuka vigelegele. Jumatano ikafika, hakuwa amedanganya, na aliyepiga simu kwanza alikuwa Joyceline.

Tangu hapo mapenzi yao yakawa ya maoni. Saa moja jioni tamthilia inaanza, ikiisha tu simu inaita. Kwa Mashavu hapafungwi mlango, basi Joyceline aliweka spika ili kila mtu achangie. Handeni nako Valentino aliweka spika, mama yake naye achangie.

"Huyo shangazi mtu ni mchawi!" mama anapaza sauti.

"Mama mkwe, umemwona eeh!" Joyceline anajibu, na Masuguru nzima inacheka.

Jambo moja Valentino hakulisema. Mama yake alitoa maoni hayo akiwa kitandani, upande wa kushoto umepooza, na yeye, mtoto pekee, ndiye aliyemwogesha na kumfulia. Kila alipotaka kufungua mdomo alijiambia, barua ya posa ikishafika.

Barua ilipangwa kufika Jumapili. Alhamisi, kwenye tamthilia, kijana mmoja akaacha kazi mjini akarudi kumuuguza mama yake. Simu ikaita.

"Mpenzi, umemwona yule?" Joyceline alianza, amechangamka, nyumba imejaa. "Mwanaume mzima anaogesha mama, anafua mashuka! Wewe ukinipeleka kwenye nyumba kama ile, nakurudishia barua na bahasha yake. Sijashona miaka sita ili niende kuwa nesi!"

Grasiana alicheka mpaka akamwaga chai. Handeni hakucheka mtu.

"Vale? Umesinzia?"

"Nipo."

"Na mama mkwe leo vipi? Mwambie atoe maoni."

"Amechoka. Usiku mwema, Joy."

Jumapili pilau lilipikwa, viti vikaazimwa kanisani, baba mdogo akaja kutoka Kilole amevaa koti kwenye jua lile. Washenga hawakutokea. Simu haikupokelewa. Pilau likaliwa kimya kimya, kama la msibani.

"Ana mke huyo," Mashavu akakata shauri. "Mwanaume wa kupanda mabati ya watu!"

Joyceline akaamini. Kuamini hivyo hakukuuma kama kujiuliza amekosa nini.

Ikapita miezi saba. Siku moja Mashavu akatoka harusini Handeni, akaingia kwa Joyceline hata viatu hajavua.

"Shoga, nimemwona Valentino akianika mashuka ya mgonjwa. Mama yake amepooza, mwaka wa pili huu! Jirani yao kaniambia, ile Alhamisi mama alisikia yote kwenye spika. Ndiye aliyesema barua ichanwe. Eti, 'Usimfunge mtoto wa watu kwangu.'"

Mkasi ukasimama katikati ya kitambaa.

"Na sisi tukacheka," Joyceline akasema.

Mashavu akainama, akaanza kuvua viatu.

Kesho yake asubuhi Joyceline alikuwa Handeni, kitenge cha bluu, bila wanja, mkononi mashuka mawili aliyoyapinda mwenyewe. Valentino alikuwa uani. Amekonda.

"Umefuata nini, Joy?"

"Nimekuja kumwomba mama radhi. Wewe baadaye, ukitaka."

"Umechelewa."

"Amefariki?"

"Yupo. Ila Pasaka kilimrudia kiharusi. Haongei tena." Akageukia kamba ya nguo. "Mimi ndiye niliyeficha, hilo kosa langu. Lakini yeye alikupenda, Joy. Saa moja aliisubiri kama mtoto. Tangu ile Alhamisi hajataka tuwashe TV."

Joyceline akaenda mpaka mlango wa chumba, akapiga magoti palepale kizingitini. Mama alikuwa ameegemezwa mito, macho makali yakimtazama.

"Shikamoo, mama."

Maneno yote aliyoyapanga njiani yakampotea. Akashika lile moja alilokuwa nalo.

"Yule shangazi, mama... kweli alikuwa mchawi. Ilikuja kuonekana mwishoni. Wewe ulisema mapema. Na yule kijana, mama yake alimbariki. Mimi nilimcheka. Nilisema nisilolijua. Nisamehe, mama."

Upande mmoja wa mdomo wa mama ukapanda kidogo, kisha chozi likashuka upande huohuo.

Valentino akaingia kwa mlango wa nyuma na sinia la ugali wa muhogo na mlenda, chakula cha watu wawili. Akaliweka. Hakumtazama mgeni. Mama akautazama ugali, akamtazama mwanawe, kisha kwa mkono wake mmoja mzima akapiga kitanda, mara moja, mara mbili, akinyoosha kidole mlangoni.

"Anasema nini?" Joyceline akanong'ona.

Valentino akasogeza sinia karibu na kitanda.

"Anasema mgeni hali kizingitini. Ingia unawe, tule."